Arusha na AFCON: hesabu ianze siku ya baada ya mechi ya mwisho

TANGU Septemba 27, 2023, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilipozipa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa pamoja wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027, gumzo la biashara jijini Arusha limekuwa moja: wageni watakuja, na wageni ni fedha. Machi 2024 serikali ilitia saini mkataba na kampuni ya ujenzi ya China kujenga uwanja mpya wa watu 30,000 katika eneo la Olmoti kwa gharama ya shilingi bilioni 286. Tangu hapo, mwenye kiwanja anafikiria gesti, mwenye duka anafikiria jezi, na mwenye akiba kidogo benki anajiuliza aiweke wapi ili naye asikose.

Swali linalostahili kuulizwa kabla ya fedha hizo kutoka mfukoni ni moja. Je, mji wa ukubwa wa kati, ambao si jiji kuu la biashara la nchi wala si kijiji, unafaidika kweli kwa kuandaa mashindano makubwa ya michezo? Arusha, yenye wakazi zaidi ya 600,000 kwa hesabu ya sensa ya 2022, ni mji wa aina hiyo hasa. Wenzake waliotangulia ni wengi, na vitabu vyao vya hesabu viko wazi.

Jibu linalotoka katika vitabu hivyo ni kwamba mashindano yenyewe hayalipi. Kinacholipa ni kile kinachobaki na kuendelea kutumika baada ya wageni kuondoka. Na mfanyabiashara anayepata faida si yule aliyejenga kwa ajili ya mashindano, bali ni yule aliyekuwa na biashara tayari akaongeza bidhaa kwa muda mfupi.

AHADI NA MATOKEO

Kila mashindano hutanguliwa na tarakimu nzuri. Marekani ilipoandaa Kombe la Dunia la 1994, waandaaji walikadiria kuwa uchumi ungefaidika kwa dola bilioni 4. Wachumi wawili wa nchi hiyo, Robert Baade na Victor Matheson, walipopitia baadaye mwenendo wa mapato ya miji iliyoandaa mechi, walikuta kinyume: kwa jumla miji hiyo ilipata pungufu la kati ya dola bilioni 5.5 na bilioni 9.3 ikilinganishwa na mapato ambayo ingetarajiwa kuyapata bila mashindano.

Afrika Kusini ya 2010 ni funzo la karibu zaidi. Makadirio ya awali yalizungumzia wageni zaidi ya 450,000. Hesabu iliyofanywa baada ya mashindano ilionyesha wageni wapatao 309,000 waliokuja kwa ajili ya Kombe hilo, na matumizi yao yalikuwa randi bilioni 3.64. Fedha hizo si haba, lakini mwenye hoteli aliyenunua vitanda kwa hesabu ya 450,000 alibaki na vitanda vitupu.

Tofauti hiyo ina sababu tatu, na kila mwenye duka anazijua hata kama hakuzisomea.

Ya kwanza ni kuhama kwa matumizi. Mkazi wa Sakina akinunua tiketi ya mpira kwa shilingi 10,000, shilingi hizo hazikushuka kutoka mbinguni. Zimetoka kwenye nyama choma ambayo angeila Jumamosi au kwenye kitambaa ambacho angekinunua Soko Kuu. Mwenye uwanja amepata, mwenye bucha amekosa, na mji uko pale pale. Fedha mpya ni ile ya mgeni tu.

Ya pili ni wageni kufukuzana. Mgeni wa mpira akijaza chumba, mgeni wa kawaida hukikosa, au huahirisha safari kwa kuogopa bei na msongamano. London ilipoandaa Olimpiki mwaka 2012, wageni wa nje walioingia Uingereza Agosti ya mwaka huo walipungua kwa kiasi cha asilimia 5 kuliko Agosti ya mwaka uliotangulia. Olimpiki zilifanyika, na bado wageni wakapungua.

Ya tatu ni kuvuja kwa fedha. Haki za televisheni na za wadhamini ni mali ya CAF, si ya jiji. Jezi nyingi hutoka nje ya nchi. Mkandarasi mkuu ni wa nje. Sehemu kubwa ya fedha inayotajwa kwenye hotuba hupita Arusha njiani kwenda kwingine.

ARUSHA INA WAGENI WAKE TAYARI

Sababu ya pili inaigusa Arusha kuliko miji mingine. Mashindano ya 2027 yalipangwa kuchezwa katikati ya mwaka, Juni na Julai. Kwa Arusha huo si wakati wa njaa. Juni hadi Oktoba ndio msimu mkuu wa utalii wa kaskazini, nyumbu wanapoelekea Mto Mara na ndege za watalii zinapotua Kilimanjaro kwa wingi. Hoteli kubwa huuza vyumba vya miezi hiyo mapema sana, na magari ya safari huwa yote barabarani.

Mtalii wa Serengeti hulala mjini usiku mmoja au mbili, kisha hutumia fedha zake kwa siku kadhaa kwenye hifadhi, akilipa gari, dereva, mpishi, kiingilio na zawadi. Shabiki wa mpira hulala usiku wa mechi na kurudi kwao, na anayetoka Kenya kwa basi kupitia Namanga anaweza kurudi usiku ule ule. Kumpoteza wa kwanza ili kumpata wa pili si biashara. Mashindano hayo yangefaa zaidi Aprili, wakati wa masika, vyumba vinapokuwa vitupu. Lakini kalenda ya mpira haipangwi Arusha.

Wapo wanaosema kwamba mashindano yataitangaza Arusha duniani, na utalii utapanda kwa miaka mingi. Hoja hii ilisikika pia Lillehammer, mji mdogo wa Norway wenye watu wapatao 25,000, ulioandaa Olimpiki za majira ya baridi mwaka 1994. Wenye mitaji walijenga hoteli kwa kutarajia watalii wa baadaye. Watalii hao hawakufika kwa idadi iliyotabiriwa, na katika miaka iliyofuata karibu asilimia 40 ya hoteli kamili za mji huo zilifilisika. Tena Lillehammer ulikuwa mji usiojulikana sana kabla ya michezo. Arusha, mlango wa Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro, haina shida ya kujulikana. Mtalii anayechelewa kuja huulizia bei, usalama na ndege.

UWANJA BILA MPANGAJI

Nyumba isiyo na mpangaji hula fedha ya mwenye nyumba. Uwanja wa mpira ni nyumba kubwa kuliko zote mjini.

Ureno ilipoandaa Kombe la Ulaya mwaka 2004, miji ya Leiria na Aveiro ilijengewa viwanja vya watu wapatao 30,000 kila kimoja. Leiria nzima, pamoja na vitongoji vyake, ina watu wapatao 120,000. Kila mji ulipata mechi 2 tu za mashindano. Mwaka 2011 Leiria ilijaribu kuunadi uwanja wake kwa euro milioni 63. Hakutokea mnunuzi.

Afrika Kusini, miji ya Polokwane na Nelspruit ilipata viwanja vya watu zaidi ya 40,000 na mechi 4 kila mmoja mwaka 2010. Brazil, mji wa Manaus katikati ya msitu wa Amazon ulipata mechi 4 mwaka 2014 na uwanja wa watu zaidi ya 40,000, wakati haukuwa na timu hata moja katika ligi kuu ya nchi hiyo.

Karibu zaidi na hali ya Arusha ni Ghana. Kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2008, miji ya Tamale na Sekondi-Takoradi ilijengewa viwanja vipya vya watu 20,000 kila kimoja, na mkandarasi alitoka China. Uwanja wa Sekondi ulichakaa hata ukahitaji matengenezo makubwa, kwani mapato ya mechi za hapo hayakutosha kuutunza.

Hapa nyumbani, Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam ulifunguliwa mwaka 2007. Una bahati ambayo viwanja vingi havina: Simba na Yanga zote hucheza hapo. Hata hivyo, mwaka 2023 ulihitaji ukarabati mkubwa. Ikiwa uwanja wenye wapangaji wawili wakubwa kuliko wote nchini ulifikia hapo katika miaka 16, Arusha inapaswa kuuliza uwanja wake utatunzwa na nani. Kelele kubwa za mpira mjini hapo husikika Simba au Yanga inapofika, na zote mbili makao yake ni Dar es Salaam. Tena Arusha tayari ina Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na huo nao unahitaji fedha ya matunzo.

Gharama ya kujenga inaweza kuwa imebebwa na serikali kuu. Lakini nyasi, taa, maji, walinzi na viti vilivyovunjika ni gharama ya kila mwezi, na haiishi mashindano yanapoisha. Isipowekwa wazi mapema ni ya nani, njia ya kawaida ni kwamba huishia kwenye ushuru na leseni, yaani kwa mfanyabiashara.

Mfano wa kufanya vizuri upo pia. Manchester, Uingereza, iliandaa Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2002. Kabla ya uwanja kujengwa, jiji lilikubaliana na klabu ya Manchester City kuwa mpangaji. Michezo ilipokwisha, njia ya kukimbilia iling'olewa, viti vikaongezwa, na mwaka 2003 klabu ikahamia. Uwanja ulikuwa na mpangaji kabla ya kuwa na paa. Sheffield, mji usio mbali na hapo, ulifanya kinyume. Kwa ajili ya michezo ya dunia ya wanafunzi ya 1991 ulikopa na kujenga viwanja vya kisasa. Uwanja wake wa riadha wa Don Valley ulibomolewa mwaka 2013, ukiwa na umri wa miaka 23 tu, huku deni la michezo hiyo likiendelea kulipwa. Miji hiyo miwili iko nchi moja, chini ya sheria zile zile, na tofauti yao ilikuwa mkataba wa mpangaji.

VYUMBA KUMI VYA MKOPO

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, haiko kwenye uwanja wa serikali. Iko kwa mtu mmoja mmoja anayechukua mkopo kujenga vyumba.

Chukua mfano. Mtu ana kiwanja Njiro. Anakopa shilingi milioni 200 kujenga gesti ya vyumba 10, kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka juu ya deni linalobaki, na kulipa ndani ya miaka 5. Mwaka wa kwanza atadaiwa riba ya milioni 32 na sehemu ya deni lenyewe milioni 40, jumla milioni 72.

Sasa mashindano yafike. Tuseme bahati yake ni ya ajabu, vyumba vyote 10 vinajaa usiku wote 30, na kila kimoja anakiuza kwa shilingi 150,000, mara tatu ya bei ya kawaida. Anapata milioni 45. Akitoa theluthi moja kwa umeme, maji, chai ya asubuhi, wafanyakazi na kodi, zinabaki milioni 30. Mashindano yote, katika hali nzuri kuliko zote, hayakulipa hata riba ya mwaka mmoja.

Mwaka wa pili hakuna mpira. Deni limeshuka hadi milioni 160, riba ni milioni 25.6, na pamoja na milioni 40 za deni inakuwa milioni 65.6. Bei ya chumba imerudi shilingi 50,000, na baada ya gharama inabaki kama 33,000. Ili alipe benki tu, bila yeye kula chochote, lazima auze vyumba mara 1,970 hivi kwa mwaka kati ya nafasi 3,650 alizonazo. Hiyo ni zaidi ya nusu ya vyumba vyote, kila usiku, masika na kiangazi, huku akishindana na kila jirani aliyejenga kwa wazo lile lile.

Ikiwa kiwanja chake kinaweza kujaza nusu ya vyumba bila mpira, basi ajenge, na ajenge hata kama mashindano hayaji. Ikiwa hakiwezi, mashindano hayatamwokoa. Kwa vyovyote vile mpira hautakiwi kuwamo kwenye hesabu ya mkopo.

Arusha ina kumbukumbu yake katika jambo hili. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilikaa mjini hapo kwa takriban miaka 20 hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Majaji, mawakili na watumishi wake walikuwa wapangaji wa kulipa vizuri. Mwenye nyumba aliyemaliza deni lake katika miaka hiyo alibaki na nyumba. Aliyejenga mwishoni, kwa kuamini kuwa mpangaji huyo hataondoka, alibaki na deni. Mpangaji wa miaka 20 aliondoka. Mpangaji wa wiki 4 hahitaji kujengewa.

TAREHE HUBADILIKA, RIBA HAIBADILIKI

Lipo na jambo la kalenda. Mashindano ya CHAN ya 2024, ambayo nchi hizi hizi tatu ziliandaa kwa pamoja, yalipangwa kuanza Februari 1, 2025. Katikati ya Januari, zikiwa zimebaki wiki chache, CAF ilitangaza kuyasogeza hadi Agosti. Yalichezwa Agosti 2025 na kwisha vizuri, lakini mtu aliyechukua mzigo wa bendera na fulana kwa mali kauli, akiahidi kulipa mwishoni mwa Februari, alikaa na mzigo miezi sita.

Hilo halikuwa la kwanza. Kenya ilinyang'anywa uenyeji wa CHAN ya 2018 miezi michache kabla, na mashindano yakahamia Morocco. Cameroon ilinyang'anywa AFCON ya 2019 mwezi Novemba 2018, yakapelekwa Misri. AFCON ya 2025, iliyofanyika Morocco, ilisogezwa kutoka katikati ya 2025 hadi Desemba ya mwaka huo na Januari 2026. Mwenye biashara anayeijua historia hii hawezi kufunga tarehe ya marejesho ya benki kwenye ratiba ya mpira.

FAIDA IPO, ILA INA WENYEWE

Isisemwe kwamba hakuna atakayepata. Siku ya mechi, maji, soda, chipsi, nyama choma, bodaboda, bajaji na vocha huuzwa kwa wingi. Wafanyabiashara wa aina hiyo wana sifa moja: mtaji wao hurudi siku ile ile. Mama lishe anayeongeza masufuria mawili ya pilau hakukopa kwa miaka 5. Siku ikiharibika, hasara yake ni ya siku moja. Mwenye gesti ya zamani aliyemaliza deni lake naye atavuna, kwani kwake kila shilingi ya ziada ni faida.

Lakini hata hao wanahitaji kuruhusiwa kuuza. Mwaka 2010 miji ya Afrika Kusini iliweka maeneo maalumu kuzunguka viwanja ambamo bidhaa za wadhamini tu ndizo zilizoruhusiwa, na wachuuzi waliokuwa wakiuza hapo kwa miaka wakasogezwa mbali na wanunuzi. Ikiwa machinga na mama lishe wa Arusha hawatajua mapema mstari huo utapita wapi, faida ile ndogo iliyo dhahiri nayo itaondoka.

Ipo pia faida isiyohesabika kwa shilingi. Bouaké, mji wa pili wa Côte d'Ivoire, ulikuwa ngome ya waasi tangu 2002. Mwanzoni mwa 2024 ulipokea mechi za Kombe la Mataifa ya Afrika kama mji wa amani, na hakuna daftari la kupima heshima hiyo. Furaha ya mji ni kitu halali cha kulipia. Kinachokataliwa ni kuinunua furaha na kuiandika kitabuni kama kitega uchumi.

Na barabara je? Hapo pia uangalifu unahitajika. Barabara ya mchepuo ya Arusha, yenye urefu wa zaidi ya kilometa 40, ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika kabla mashindano haya hayajagawiwa, kwa ajili ya malori na biashara ya Afrika Mashariki. Nchini Uganda, Hoima nayo ina uwanja wa watu 20,000 uliokusudiwa AFCON, lakini uwanja wake wa ndege wa kimataifa ulianzishwa kwa sababu ya mafuta. Kitu ambacho kingejengwa hata bila mpira hakiwezi kuingizwa kwenye faida ya mpira. Kitu kilichoharakishwa na mpira, kama barabara ya mtaa ambayo ingengoja miaka 10, hicho ni faida ya kweli, maana hutumika kila siku na gari la nyanya.

KWA MWENYE AKIBA NDOGO

Mwekezaji mdogo atashawishiwa kwa njia nyingine. Ataambiwa anunue hisa za saruji kwa sababu kunajengwa viwanja, au za bia kwa sababu mashabiki wanakunywa. Uwanja mmoja ni mteja mmoja katika soko la saruji la nchi nzima, na mwezi mmoja wa bia ni mwezi mmoja katika miezi 12. Kampuni nzuri inunuliwe kwa gawio lake, deni lake na mwenendo wa miaka kadhaa, si kwa ratiba ya mechi. Habari ambayo kila mtu amekwisha kuisikia, kwa kawaida bei ya soko nayo imekwisha kuisikia.

Mfano wa kulinganisha uko Tanga. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12 ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mnunuzi wa karatasi hiyo anajua fedha yake inarudishwa na nini: wateja wa maji wanaolipa ankara kila mwezi, Juni na Novemba, timu ikishinda au ikifungwa. Huo ndio mtihani wa kila mradi unaoletwa kwa mwenye akiba. Nani analipa mwezi wa kawaida? Mradi wowote wa AFCON, uwe hoteli, eneo la maduka au kampuni ya usafiri, ukiwa hauna jibu la swali hilo, fedha ibaki benki.

MASWALI YANAYODAI MAJIBU

Uamuzi wa kuandaa ulikwisha fanywa. Hakuna faida ya kulia juu ya jengo. Kilichobaki ni kulifanya lilipe, na hapo wafanyabiashara wa Arusha wana haki ya kuuliza mambo manne kupitia chemba yao na madiwani wao.

Kwanza, nani atabeba gharama ya matunzo ya uwanja kila mwaka, na fedha hiyo itatoka fungu gani? Pili, nani ni mpangaji, na mkataba wake ni wa miaka mingapi? Mji wa mikutano kama Arusha unaweza kuutumia uwanja kwa maonyesho, ibada kubwa na kambi za timu za nje zinazotafuta hewa ya milimani, lakini hayo yanahitaji meneja aliyeajiriwa kuyatafuta mapema. Tatu, wachuuzi watauzia wapi siku za mechi, na kwa ada gani? Nne, wakala wa safari watahakikishiwaje kuwa mtalii wa Julai hatafukuzwa na bei za mpira?

Majibu yakipatikana, Arusha inaweza kuwa Manchester ya ukanda huu. Yasipopatikana, iko njia iliyokanyagwa na Leiria na Sekondi, na mwisho wake unajulikana.

Kwa mfanyabiashara mmoja mmoja ushauri ni mfupi. Mwenye chumba akipake rangi, asijenge kumi. Mwenye duka aagize mzigo unaoweza kuuzika hata mashindano yakisogezwa, maji na sukari kabla ya bendera. Mwenye gari alitengeneze, asikopee la pili. Mwenye fedha taslimu azitunze hadi mwezi mmoja baada ya mechi ya mwisho, maana hapo ndipo vitanda, majokofu, viti na magari ya wale waliokopa yatakapouzwa kwa bei ya kutupa.